Winga amehamia kwenye simu: Nani analipa na nani analiwa kwenye linki za kamisheni?

Pitia statasi za WhatsApp za watu kumi leo. Hakosi mmoja aliyeweka picha ya blenda, saa au begi la mgongoni, na chini yake linki yenye maneno “bonyeza hapa, bei poa”. Hakosi pia mwingine aliyeandika: “Mchongo wa kufanya ukiwa nyumbani, unahitaji simu na bando tu.”

Ukiyatazama juu juu, matangazo hayo mawili ni mapacha. Lakini la kwanza linaweza kumpa aliyelituma kamisheni halali, na la pili linaweza kuwa mtego wa kumaliza akiba ya kikoba.

Biashara inayozungumziwa ni ile ambayo vijana wengi wanaiita afilieti: kutangaza bidhaa ya mtu mwingine mtandaoni na kulipwa asilimia kila mtu anaponunua kupitia linki yako. Huhitaji duka, stoo wala mtaji wa kununua mzigo. Ndiyo maana imewavutia wanafunzi, akina mama wanaolea watoto nyumbani, na waajiriwa ambao mshahara hauwafikishi tarehe 20.

Swali si kama inalipa. Inalipa. Swali ni nani anayelipa, na nani anayepanga kiasi.

Ni uwinga, ila bila jua la Kariakoo

Aliyewahi kununua kitu Kariakoo anamjua winga. Ni mtu asiye na duka, anayekudaka njiani, anakuuliza unatafuta nini, kisha anakupeleka kwenye duka lenye mzigo huo. Ukinunua, yeye anabaki na cha juu.

Siku hizi mawinga wengi hawasimami tena Mtaa wa Kongo kutwa nzima. Wanapiga picha mzigo, wanaurusha Instagram na kwenye magrupu, mteja akishalipa ndipo wanaufuata dukani na kuutuma kwa bodaboda au basi la mkoani.

Afilieti ni uwinga huohuo, ila kazi ya kumshika mteja mkono inafanywa na linki. Kila aliyejiunga anapewa linki yenye alama yake. Mteja akiibofya, tovuti ya duka inaikumbuka alama hiyo kwenye simu yake. Akinunua ndani ya muda uliowekwa, mfumo unamwandikia aliyetuma linki kamisheni yake.

Amazon ya Marekani ilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1996, na ndio uliokuja kuigwa na maduka mengi ya mtandaoni. Hapa Afrika Mashariki, Jumia Kenya ina mawakala wake wa kamisheni chini ya mpango wa JForce, ambao huwaagizia bidhaa hata wateja wasiotumia intaneti. Kwa wanaoandika kuhusu utalii wa Zanzibar au Serengeti, Booking.com nayo huwalipa wanaoileta wageni wa hoteli.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Winga wa Kariakoo anapanga cha juu chake mwenyewe. Wa afilieti anapangiwa.

Asilimia ni ya mwenye duka

Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona na watu wakinunua mtandaoni kuliko wakati mwingine wowote, Amazon ilitangaza viwango vipya. Kamisheni ya samani na vifaa vya nyumbani ilishuka kutoka asilimia 8 hadi 3. Ya bidhaa za vyakula ilishuka kutoka 5 hadi 1. Notisi ilikuwa ya wiki moja tu.

Mtu aliyekuwa akipata dola 800 kwa mwezi kwa kuuza samani, kwa mauzo yaleyale, alibaki na dola 300. Hakukosea kitu. Hakupoteza mteja. Mwenye duka alibadilisha namba tu.

Watanzania wana mfano wa karibu zaidi. Novemba 2019, Jumia ilifunga biashara yake ya kuuza bidhaa mtandaoni nchini. Duka likishafungwa, kila linki iliyokuwa ikielekea huko inabaki maandishi tu, hata kama mwenye nayo ana wafuasi laki moja.

Na kuna masharti madogomadogo ambayo video za “jinsi ya kupata dola kila siku” huyaruka. Kwa kawaida, linki ya Amazon inamhesabu mteja kwa saa 24 tu baada ya kubofya, isipokuwa kama aliweka bidhaa kwenye kikapu ndani ya muda huo. Mwanachama mpya asipofikisha mauzo matatu ndani ya siku 180, akaunti inafungwa. Malipo nayo hutoka takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kuisha. Kwa hiyo jasho la Januari unalilia mwishoni mwa Machi. Na mteja akirudisha bidhaa, kamisheni inaondoka nayo.

Hesabu ya mtu wa kawaida

Chukua mfano wa mtu mwenye statasi inayotazamwa na watu 300. Tuseme 15 wanabofya linki, na mmoja ananunua bidhaa ya Sh80,000. Kwa kamisheni ya asilimia 5, amepata Sh4,000.

Akitaka Sh200,000 kwa mwezi, anahitaji mauzo 50 ya aina hiyo. Kwa kiwango hicho cha mnunuzi mmoja katika kila wabofyaji 15, ni watu 750 wa kubofya kwa mwezi, yaani 25 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Toa bando. Toa muda wa kujibu “bado ipo?” na “mnafika Tegeta?”

Kuna na tabia ya soko letu. Wateja wengi huiona bidhaa kwenye linki, wakaisifu, kisha wakaenda kuitafuta dukani ambako wanaweza kuishika na kuomba wapunguziwe. Winga hapo bado ana nafasi ya kumpata. Wa afilieti hana chake, kwa sababu mfumo hautambui mteja aliyeondoka kwa daladala.

Ndiyo maana wanaofanikiwa mara nyingi si wanaorusha linki nyingi. Ni wale waliochagua eneo moja na kulijua: anayepima simu na kusema ukweli kuhusu betri, anayepika na kuonyesha sufuria anayoitumia kweli, anayewaeleza wageni boti ya kwenda Unguja inaondoka saa ngapi. Watu wanawafuata kwa sababu ya maelezo, na linki inakuja baadaye. Kazi hiyo inachukua miezi, pengine zaidi ya mwaka, kabla ya kulipa hata bili ya umeme.

Mkeka wa bure una mwenyewe

Sehemu moja ya biashara hii haizungumzwi sana: kubashiri michezo.

Kwenye Telegram na Instagram kuna kurasa zinazogawa mikeka ya bure kila siku, pamoja na kodi ya kujisajilia. Kodi ile ndiyo linki ya afilieti. Baadhi ya mikataba humlipa mwenye ukurasa kiasi kwa kila mtu mpya anayejisajili na kuweka pesa. Mingine humpa asilimia ya mapato ambayo kampuni inayapata kutoka kwa watu aliowaleta.

Hapo inafaa kusimama kidogo. Mapato ya kampuni ya kubashiri ni pesa za waliopoteza. Kwa mkataba wa aina hiyo, anayekupa mkeka anapata zaidi pale unapoliwa kuliko pale unaposhinda. Pengine ni mtu mwaminifu na anaujua mpira vizuri. Lakini mfuko wake na wako havivuti upande mmoja, na wafuasi wengi hawajawahi kuambiwa hivyo.

Pesa inatoka mfukoni mwa nani?

Matapeli wameliona soko hili kabla ya wengi wetu. Mwanzoni mwa 2022 nchini Kenya, programu ya simu iliyojiita Amazon Web Worker Africa ilitoweka na pesa za watu. Waliojiunga waliweka pesa kwanza, wakapewa kazi ndogondogo za kubofya kwenye simu, na kuahidiwa faida. Haikuwa na uhusiano wowote na Amazon. Jina tu ndilo lililoazimwa, na likatosha.

Tanzania iliyaona haya hata kabla ya simu janja kuenea. DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009, iliwaahidi watu kwamba wakipanda mbegu watavuna zaidi. Waliovuna walivuna mbegu za waliokuja nyuma yao. Kilichobadilika leo ni lugha tu: mbegu imekuwa “mtaji wa kuanzia”, na mavuno yamekuwa “kamisheni”.

Njia ya kutofautisha si ngumu. Kwenye afilieti halali, pesa inatoka kwa mtu aliyenunua bidhaa anayoihitaji. Kwenye upatu, pesa inatoka kwa mtu anayejiunga. Ukiona unatakiwa kulipa kiingilio, kununua “levo” au kuleta watu watatu ili “ufunguliwe” malipo, bidhaa inayouzwa hapo ni wewe.

Serikali nayo imeiona

Zamani kipato hiki kilikuwa kama cha kujificha. Sivyo tena. Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wakazi wanaoingiza pesa kupitia maudhui ya mtandaoni, na ikaitaja kwa jina kamisheni ya afilieti. Pendekezo la awali lilikuwa asilimia 15, likapunguzwa baada ya makelele. Tanzania ilifuata mwaka 2024 kwa kuweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui mtandaoni.

Kwa mtu wa Sh200,000, asilimia 5 ni Sh10,000. Si nyingi, si kidogo pia kwa aliyetumia bando lake. Jambo la kuangalia ni kwamba sheria zinamtambua mtu huyu pale anapokatwa kodi, wakati hana wa kumsemea pale kampuni ya ng’ambo inaposhusha asilimia au kufunga akaunti yake kwa barua pepe ya mistari miwili.

Kabla hujatuma linki

Anayetaka kujaribu anaweza kuanza na maswali manne.

Anayelipa ni mnunuzi au ni mwanachama mpya? Ikiwa ni mwanachama mpya, ondoka.

Nalipwa lini, na kwa njia gani? Wakenya wamekuwa na njia ya kuhamisha pesa kati ya PayPal na M-Pesa tangu 2018. Ulipo wewe, hakikisha njia ipo kabla ya kufanya kazi ya miezi mitatu na kukuta pesa haiwezi kukufikia.

Duka likifunga au likipunguza asilimia kesho, nabaki na nini? Mwenye wafuasi wanaomwamini anaweza kuhamia duka lingine. Aliyejenga kila kitu juu ya linki ya kampuni moja anaanza upya.

Na je, naweza kuwaambia wateja wangu waziwazi kwamba nalipwa? Amazon yenyewe inawataka wanachama wake waseme hivyo. Mwenye bidhaa nzuri hana sababu ya kuficha.

Swali hilo la mwisho ndilo zito zaidi kwa muuzaji wa nyumbani. Mtu wa Marekani mwenye tovuti anauzia watu asiowajua. Huku kwetu, wanaotazama statasi yako ni dada yako, mwenye nyumba wako, mwenzako wa kikoba, na mama wa jirani aliyekuletea uji ulipojifungua. Wakinunua blenda mbovu kupitia kwako, hawataipigia simu kampuni. Watakupigia wewe. Wakiingia kwenye upatu kupitia linki yako na wakapigwa, mtakutana msibani.

Asilimia 5 ya bei ya blenda inaweza kurudi mwezi ujao. Imani ya watu hao ikiondoka, hakuna mfumo unaoirudisha.