WANAFUNZI WENGI, WASIMAMIZI WACHACHE



Huenda mtu akauliza: chama cha wafanyakazi wa Busia na Malaba kina habari gani na shahada za juu za sayansi ya kompyuta? Jibu letu ni fupi. Habari hiyo ni yetu kwa sababu ada zatoka mifukoni mwetu.

Kila mmoja wenu ameona jinsi kazi ya mpakani ilivyogeuka. Mwaka 2014 ulipoanza utaratibu wa eneo moja la forodha, mizigo mingi ya Uganda ikawa yamalizwa Mombasa, na kazi ya makarani wa hapa ikapungua. Mwaka 2017 malori yakaanza kufuatwa njiani kwa mtambo wa elektroniki wa nchi kadhaa. Karani aliyeshika kalamu na muhuri hana budi sasa kushika kompyuta. Kwa hiyo vijana wetu wamesoma. Wengine wana shahada ya kwanza, na sasa wataka ya uzamili, wengine hata ya uzamivu. Twawasifu.

Shida ni hii. Mwanafunzi wa uzamili hufundishwa darasani kwanza, kisha huandika tasnifu chini ya msimamizi. Darasani mwalimu mmoja aweza kusomesha watu sitini. Tasnifu haiendi hivyo. Msimamizi lazima aisome sura kwa sura, ajaribu programu ya mwanafunzi, aulize, arudishe. Chuo kikipokea sitini na kina wasimamizi sita, masomo ya darasani yatakwisha salama, kisha watu watakwama. Na kukwama huku si bure: muhula ukifika, ada yadaiwa.

Sisi wa Malaba hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 2020, wakati wa korona, malori yalizidi kuja kutoka Mombasa hali majibu ya vipimo yalichukua siku nyingi. Foleni ikawa ya kilomita na kilomita, na madereva na matanboi wakalala barabarani. Kosa halikuwa la dereva. Kosa lilikuwa kuruhusu mizigo mingi upande mmoja, na kuweka wapimaji wachache upande wa pili. Vyuo vyafanya vivyo hivyo na vijana wetu.

Kanuni zipo. Viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 vyasema msimamizi mmoja asizidi wanafunzi watano wa uzamili na watatu wa uzamivu kwa mwaka. Lakini kanuni bila mkaguzi ni karatasi. Juni 2019 chuo cha Jomo Kenyatta cha Juja kilitoa shahada za uzamivu 118 siku moja. Nchi ikashangaa, na Serikali ikaagiza uchunguzi. Waliopata taabu ni pamoja na wale waliosoma kwa haki, maana shahada zao pia zilitiliwa shaka.

Kwa nini vyuo hupokea kupita kiasi? Kwa sababu ya fedha. Tangu mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia, vyuo vingi vya umma vimejifunza kuishi kwa ada zao. Kila mwanafunzi mpya ni fedha leo; msimamizi ni gharama ya miaka. Na msimamizi mwenyewe halipwi ipasavyo. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za mapatano ya 2017 hadi 2021. Mjuzi wa kompyuta ana benki na makampuni ya simu yanayomwita. Akiondoka, wanafunzi wake hugawiwa waliobaki, nao wasemao kwamba wenzao waongezewe kidogo tu wakumbuke: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wako watakaotuambia: mkitaka idadi ipunguzwe, mwawafungia mlango watoto wa wapagazi. La. Hatusemi mlango ufungwe, twasema viti vifuate walimu. Wala hatukubali idadi ipunguzwe kwa kupandisha ada, maana hapo watabaki watoto wa matajiri peke yao. Wachaguliwe kwa uwezo, na nafasi za jioni na za mwisho wa juma zibaki kwa watu wa kazi.

Tena mfano mwema uko karibu, basi la usiku hufika. Makerere ilianza na taasisi ndogo ya kompyuta mwaka 1985, ikawa kitivo mwaka 2005. Wanafunzi walipojaa, wakubwa wake hawakujenga majengo tu. Walishirikiana na vyuo vya Uholanzi, kikiwemo cha Groningen, kuwasomesha uzamivu walimu wao vijana. Kadhalika Makerere ina njia mbili za uzamili: tasnifu kwa mtafiti, mradi kwa mtu wa kazini. Si kila karani wa forodha ahitaji kuwa mtafiti.

Alupe, hapa Busia, imekuwa chuo kikuu kamili tangu mwaka 2022. Busitema, ng'ambo ya pili, ilianzishwa 2007. Vyuo hivi bado vichanga, navyo vyaweza kuanza vizuri. Kwa hiyo twadai kwa vyuo vyote:

1. Kabla ya kupokea ada, chuo kitangaze kina wasimamizi wangapi, na kila mmoja ana wanafunzi wangapi.
2. Mwanafunzi anayengoja msimamizi asitozwe ada ya kungoja.
3. Pawe na njia ya mradi kwa watu wa kazini.
4. Sehemu ya ada itengwe kusomesha wahadhiri vijana.
5. Mapatano ya mishahara ya wahadhiri yalipwe kwa wakati.

Na wewe mwanachama, kabla hujakopa kwenye ushirika, uliza swali moja: nani atanisimamia? Wakikujibu "tutaona", zuia fedha zako.

Boda boda ilizaliwa hapa mpakani. Twajua kwamba kupakia abiria wa tatu hakumwongezei mwendeshaji miguu.

Umoja ni nguvu.