Unaota Ujerumani? Usiiamini sana ratiba ya treni

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira mjini Berlin, Septemba 2024, wengi wenu mnakesha mkijifunza Kijerumani. Sawa kabisa. Ila kuna kitu huenda mwalimu hajakuambia: ile sifa ya Mjerumani ya kufika kwa dakika haizihusu treni zake.

Mwaka 2024, ni takriban asilimia 62 tu ya treni za masafa marefu za Deutsche Bahn zilizofika kwa wakati. Na "kwa wakati" hapo maana yake ni kuchelewa kwa chini ya dakika sita. Treni iliyofutwa haihesabiwi kabisa. Yaani usipoenda kazini, huandikwi kuwa ulichelewa! Mwaka huohuo, Philipp Lahm, mkurugenzi wa mashindano ya Euro, alikosa mwanzo wa mechi ya Slovakia na Ukraine mjini Düsseldorf sababu ya treni.

Shida kubwa ni njia. Reli ileile hubeba treni ya kasi ya ICE, treni ya mkoa inayosimama kila kituo, na ya mizigo. Ni kama nganya iliyokwama nyuma ya trela barabarani, na hakuna pa kuovateki. Mmoja akichelewa, wote nyuma yake wanachelewa.

Zamani nafasi za kupishana zilikuwa nyingi zaidi. Mwaka 1994, mashirika ya reli ya Mashariki na Magharibi yaliunganishwa kuwa kampuni ya kujiendesha kibiashara. Njia za kando ziling'olewa kwa kuwa kuzitunza ni gharama, huku wakubwa wakiwaza kuuza hisa. Mpango huo ulikwama 2008, msukosuko wa fedha ulipoikumba dunia. Abiria wakaongezeka, reli zilizong'olewa hazikurudi.

Halafu kuna hili, ambalo kwangu ndilo kiini. Kwa miaka mingi, ukarabati wa kawaida ulilipwa na kampuni, lakini daraja likichakaa hadi libadilishwe, sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na serikali. Wewe ungefanyaje? Ni kama mpangaji anayejua kwamba akiacha paa livuje hadi lioze, landilodi atanunua jipya.

Mwaka 2023 serikali ya Ujerumani iliwekeza katika reli yuro 115 kwa kila mwananchi. Uswisi, 477. Ndiyo maana Waswisi huzikatiza baadhi ya treni za Ujerumani zilizochelewa pale Basel, zisije zikavuruga ratiba yao.

Sasa wanarekebisha, na dawa yenyewe ni chungu. Njia ya Frankfurt hadi Mannheim, kama kilomita 70 hivi, yenye treni zaidi ya 300 kwa siku, ilifungwa kwa miezi mitano mwaka 2024. Agosti 2025 ikawa zamu ya Berlin na Hamburg. Mwaka 2025, tiketi ya mwezi ya usafiri wa mikoani ilipanda kutoka yuro 49 hadi 58.

Kwa hivyo ukifika huko na una mahojiano ya kazi, chukua treni inayotangulia ile uliyopanga. Na tunza tiketi yako: ukichelewa saa moja, kwa kawaida unaweza kudai robo ya nauli. Saa mbili, nusu.