Vinyago Riyadh na Kimya cha Walinganiaji

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake, na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Siku ya Alhamisi na Ijumaa, tarehe 27 na 28 Oktoba 2022, katika uwanja wa starehe uitwao Boulevard Riyadh City, mji mkuu wa Saudi Arabia, ilifanyika tamasha iliyopewa jina la Wikiendi ya Kutisha. Tangazo lake lilikuwa jepesi kufahamika: atakayekuja amevaa vazi la kutisha ataingia bure. Wakaja vijana wa kiume na wa kike wamejigeuza mizuka, maiti waliofufuka, wachawi na mazimwi ya hadithi za Marekani. Neno Halloween waandaaji hawakulitia katika jina la tamasha, lakini siku zilikuwa zile zile, mavazi yale yale, na kila aliyeona picha alijua anachokitazama. Usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao Waislamu huuhuisha kwa kumswalia Mtume, ulihuishwa kwa vinyago.

Tamasha hiyo haikuzuka peke yake. Mwaka 2016 Saudi Arabia ilitangaza Dira ya 2030, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka Kuu ya Burudani. Katika Dira hiyo limeandikwa lengo la kuongeza matumizi ya kila kaya kwa utamaduni na burudani kutoka asilimia 2.9 hadi asilimia 6. Mwezi Februari 2018 Mamlaka ilitangaza kwamba dola bilioni 64 zingewekezwa katika burudani kwa muda wa miaka kumi. Mwezi Desemba 2019 likafanyika nje kidogo ya Riyadh tamasha kubwa la muziki wa kielektroniki liitwalo MDLBeast Soundstorm, wakaletwa madijei wa kimataifa kama David Guetta, Tiësto na Martin Garrix. Liliporudi mwaka 2021, waandaaji walijivunia mahudhurio ya zaidi ya watu 700,000 katika siku nne.

Ndugu Muislamu, hatuyaandiki haya kwa kufurahia aibu ya nchi yenye Misikiti Miwili Mitukufu. Tunayaandika kwa sababu vijana wetu wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, na watoto wetu walioko Ulaya na Marekani, wameziona picha hizo katika simu zao. Nao wanauliza swali moja: "Ikiwa Riyadh inafaa, kwetu kwa nini haifai?" Swali hili linahitaji jibu, na wanaopaswa kujibu wengi wamenyamaza.

ASILI YA SIKU HII

Kabla ya kuhukumu jambo ni wajibu kulijua. Halloween chimbuko lake ni Samhain, sikukuu ya Waselti wa Ireland na Uingereza ya kale, waliyoiadhimisha mwishoni mwa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi. Iliaminiwa kuwa usiku huo pazia baina ya walio hai na wafu huwa jembamba, na mizimu hutembea. Kanisa lilipoweka sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, mkesha wake ukaitwa jina lililozaa neno Halloween. Waireland waliohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19, hasa baada ya njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, waliichukua mila hiyo. Boga likachukua nafasi ya tanipu iliyokuwa ikichongwa sura na kuwashwa taa ndani.

Leo wafanyabiashara ndio makuhani wake. Mwaka 2023 shirikisho la wauza rejareja wa Marekani lilikadiria kuwa wananchi wa nchi hiyo wangetumia dola bilioni 12.2 kwa mavazi, mapambo na peremende za Halloween. Basi siku hii ina tabaka tatu: chini ni imani ya mizimu, katikati ni sikukuu ya Kanisa, na juu ni soko. Muislamu anayeiingia aseme ni tabaka gani kati ya hizo tatu lililo lake.

"SISI TUNACHEZA TU"

Hoja ya kwanza ya wanaotetea ni kwamba hakuna Muislamu anayevaa kinyago hali ya kuwa anaamini mizimu ya Waselti. Ni mchezo, wanasema, na amali huzingatiwa nia.

Tunajibu kwa hadithi mbili. Amepokea Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza walizozirithi kutoka zama za ujahiliya. Watu wale hawakusema kuwa wanaabudu kitu, walisema wanacheza. Mtume hakuwaachia siku zile kwa hoja ya mchezo. Aliwafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa zilizo bora zaidi, Idi ya Adh-ha na Idi ya Fitri (Abu Daud na Nasai). Kitu kikishabadilishwa, cha zamani hakikai pamoja na kipya.

Ya pili ni ya yule mtu aliyeweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana (Abu Daud). Mtu huyu nia yake ilikuwa safi: alitaka kumchinjia Mwenyezi Mungu. Hata hivyo Mtume (S.A.W.) aliuliza kwanza kama mahali hapo palikuwa na sanamu lililoabudiwa, kisha akauliza kama palikuwa na sikukuu miongoni mwa sikukuu zao. Alipoambiwa hapana, ndipo akamruhusu kutimiza nadhiri yake. Zingatia! Ikiwa mahali tu palipowahi kufanyiwa sikukuu ya ujahiliya panatiliwa shaka kwa mwenye ibada ya haki, itakuwaje kwa anayeifuata sikukuu yenyewe, kwa siku yake na kwa mavazi yake, bila ibada yoyote? Nia njema haikumtosha mwenye ngamia mpaka ilipothibiti kuwa mahali pake ni safi.

Aidha, mchezo wenyewe una ila yake. Sahaba mmoja alikuwa amelala safarini, mwenzake akaichukua kamba aliyokuwa nayo, akashtuka. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake (Abu Daud). Hiyo ni kamba tu! Sasa tamasha nzima imejengwa juu ya kutisha, na kutisha ndiyo tiketi ya mlangoni. Tukiongeza wanaume waliovaa kike na wanawake waliovaa kiume, ambao Mtume (S.A.W.) amewalaani (Bukhari), haibaki nafasi ya kusema kuwa hakuna tatizo.

MUZIKI, UMATI NA VIDONGE

Katika miji ya Marekani Halloween na muziki wa kielektroniki zimeshafunga ndoa. Huko San Bernardino, California, hufanyika kila mwisho wa Oktoba tamasha liitwalo Escape Halloween, ambamo maelfu hucheza mpaka usiku mkubwa wakiwa ndani ya mavazi ya kutisha. Vijana wetu wanaosoma huko wanaalikwa na marafiki zao, na mwaliko huja kwa maneno matamu: njoo uone tu.

Tunajua kuwa juu ya ala za muziki ziko kauli za wanazuoni. Jumhuri ya maimamu wanne wamekataza, nao Ibn Hazm aliidhoofisha hadithi mashuhuri ya ala na akaruhusu. Lakini asijifunike mtu kwa joho la Ibn Hazm akaingia nalo katika tamasha la namna hii. Imamu huyo hakuhalalisha ulevi, wala kubanana wanaume na wanawake gizani, wala kuacha swala ya Isha na Alfajiri kwa ajili ya ngoma.

Na ulevi wenyewe una jina: MDMA, kidonge kinachofuatana na muziki huu tangu miaka ya 1980. Kidonge hiki huongeza joto la mwili, na mchezaji asiyehisi uchovu huendelea kuruka mpaka mwili ushindwe. Wengine hunywa maji kupita kiasi, chumvi ya damu ikashuka, wakapoteza fahamu. Mwaka 2010 msichana wa miaka 15 alifariki baada ya kuhudhuria tamasha la Electric Daisy Carnival mjini Los Angeles, na mwaka uliofuata tamasha hilo likahamia Las Vegas. Tamasha lilihama, kidonge hakikubaki nyuma.

KIBALI CHA NANI?

Mwezi Oktoba 2018, huko huko Riyadh, zilitangazwa habari za kukamatwa kwa wanawake kutoka Ufilipino waliokuwa katika sherehe ya Halloween isiyokuwa na kibali. Miaka minne baadaye, sherehe ya namna ile ile ilitangazwa kwa mabango. Tofauti baina ya wale na hawa ni kibali. Tunauliza: kibali cha nani? Je, kati ya mwaka 2018 na 2022 iliteremka aya mpya? Kibali cha mtawala hufungua lango la uwanja. Hakifungui lango la halali.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha makala hii. Kwa miaka mingi wako walinganiaji katika pwani yetu ambao hoja yao ya mwisho, wakishindwa kueleza dalili, ilikuwa: "Mbona Saudia hawafanyi?" Walisimama juu ya mimbari kuwakemea wazee wa Lamu na Mambrui kwa Maulidi. Walipanga meza za vitabu, walitoa kanda, waliandika vijarida. Lakini vinyago vilipoingia Riyadh, meza zilikunjwa na sauti zikakauka. Mzee wa Lamu anayemsifu Mtume wake kwa matari alistahiki khutba nzima. Kijana wa Riyadh aliyevaa zimwi usiku wa Ijumaa hakustahiki hata sentensi moja.

Wenzetu wa Maulidi wana haki ya kuuliza, na wanauliza. Jibu letu kwao ni hili: msimamo wetu juu ya uzushi haukutoka Riyadh, wala hautaondoka na Riyadh. Imam Malik alifundisha kuwa kila mtu kauli yake huchukuliwa na huachwa, isipokuwa mwenye kaburi lile la Madina (S.A.W.). Aliyeijenga dini yake juu ya nchi, nchi ikigeuka naye hugeuka. Aliyeijenga juu ya dalili, anabaki alipo hata dunia nzima ivae vinyago. Lakini jibu hili halina uzito kinywani mwa mtu anayekemea Lamu na kuinyamazia Riyadh. Mizani yenye jiwe moja kwa masikini na jiwe jingine kwa tajiri ni mizani ya wapunjao, nao wameahidiwa maangamizi katika Qur'ani.

Watasema: haifai kuwakosoa watawala hadharani. Tunajibu: kubainisha hukumu ya kitendo si kuasi. Hatuwaiti watu wa Saudia watoke barabarani, wala sisi si raia wa mtawala huyo. Tunawaambia vijana wetu kuwa hili ni haramu, popote lifanywapo na kwa kibali cha yeyote. Watasema pia: wanazuoni wa huko wamenyamaza. Si wote. Sheikh Omar al-Muqbil iliripotiwa kuwa alitiwa mbaroni Septemba 2019 baada ya kuikosoa Mamlaka ya Burudani. Kimya cha aliye chini ya upanga kina udhuru wake. Kimya cha aliye Kisauni au Kariakoo, ambaye hofu yake ni kukosa nafasi ya masomo au msaada wa kisima, kina udhuru gani?

NINI KIFANYIKE

Kwanza, maimamu watoe khutba moja kila mwaka, kabla ya mwisho wa Oktoba, kueleza asili ya siku hii na hukumu yake. Katika baadhi ya kumbi za starehe za Nairobi na Dar es Salaam sherehe hizi zimekwishaingia, na vijana wa Kiislamu wamo.

Pili, wazazi walioko ng'ambo wazungumze na walimu mapema na kwa adabu, waombe mtoto wao asishiriki gwaride la vinyago. Hatuna ugomvi na mtoto wa jirani anayebisha hodi kuomba peremende. Ana mila yake nasi tuna yetu. Mtoto wetu asiachwe peke yake na huzuni siku hiyo.

Tatu, tuzipambe Idi zetu. Mtoto ambaye Idi yake ni pilau ya haraka na baba kurudi kazini, atavutwa na usiku wenye taa na zawadi. Mtume (S.A.W.) aliwaachia Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha (R.A.) akawatazama. Dini hii haikuja kuua furaha. Imeipa furaha siku zake na mipaka yake.

Nne, walinganiaji wachague: ama waseme haki kwa Lamu na kwa Riyadh sawasawa, ama waache kujiita watu wa dalili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliwaonya Waislamu wa pwani juu ya kuiga Wazungu bila kufikiri, nchi ikiwa chini ya Wazungu hao hao. Hakungoja idhini ya mkubwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aionyeshe haki kuwa haki na aturuzuku kuifuata, na aionyeshe batili kuwa batili na aturuzuku kuiepuka. Awahifadhi vijana wetu, na aitengeneze hali ya Waislamu na ya viongozi wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.