Kwa Nini Gandhi Hakupewa Zawadi ya Nobel?

Vijana wetu hupenda kuuliza: yawaje mtu aliyesifiwa dunia nzima kwa kupigania haki pasipo silaha, naye asipewe Zawadi ya Amani ya Nobel? Wengi hujibu upesi, "Ni chuki ya Wazungu tu." Twaona jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi.

Zawadi hiyo hutolewa na kamati ya watu watano wachaguliwao na Bunge la Norwei. Jina la Mohandas Gandhi lilipelekwa kwao mwaka 1937, 1938, 1939, 1947 na 1948. Mwaka 1937 mshauri wa kamati, Profesa Jacob Worm-Müller, aliisifu tabia yake, kisha akamtia kasoro: mara yu mtu wa amani, mara yu mwanasiasa wa taifa lake, na kule Afrika Kusini aliwatetea Wahindi peke yao, hali Waafrika walikuwa katika dhiki kubwa zaidi. Neno hili la mwisho sisi wa Afrika hatuwezi kulipuuza, ijapokuwa kamati yenyewe haikumpa Mwafrika zawadi hata ilipofika ile ya mwaka 1960, aliyopewa Albert Luthuli.

Mwaka 1947 Bara Hindi liligawanyika na damu ikamwagika. Kamati ikaogopa kumchagua mtu wa upande mmoja wakati wa ugomvi, ikawapa zawadi Wakristo wa Quaker.

Basi na tutazame Januari 1948, maana hapo ndipo penye uzito kwa nyumba za Kiislamu. Tarehe 13, akiwa mzee wa miaka 78, Gandhi alianza kufunga mjini Delhi. Alitaka nini? Waislamu wa mji ule wakae salama, misikiti yao iliyonyakuliwa irudishwe, na urs ya Khwaja Qutbuddin Bakhtiyar Kaki kule Mehrauli ifanyike kama ilivyo desturi. Viongozi wakaahidi, naye akafungua tarehe 18. Tarehe 27 alikwenda mwenyewe Mehrauli kwenye urs hiyo. Siku tatu baadaye Nathuram Godse, Mhindu mwenzake aliyemlaumu kwa kuwapendelea Waislamu, alimpiga risasi akafa.

Je, yafaa kumpa zawadi marehemu? Kanuni za wakati ule hazikukataza kabisa. Lakini Gandhi hakuacha wasia wala hakuwa na chama cha kupokea fedha kwa niaba yake, na wakuu wa zawadi huko Sweden walishauri asipewe. Tarehe 18 Novemba 1948 kamati ilitangaza kwamba hapakuwa na mtu aliye hai aliyestahili. Mwaka ule zawadi haikutolewa kwa yeyote.

Walakini mwaka 1961 Dag Hammarskjöld alipewa, naye alikuwa amekwisha kufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola. Kwa hiyo twasema kanuni ilikuwa mlango ulioweza kufunguliwa, lau wangetaka. Mwaka 1989, Dalai Lama alipopewa zawadi, mwenyekiti wa kamati alisema kuwa kwa sehemu ilikuwa ni kumkumbuka Gandhi. Miaka 41 ilikuwa imepita.