Nani Kasema Mwenye Nguvu Hana Akili?

Kuna kauli inayosemwa kila siku hapa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kuanzia maegesho ya malori hadi vibanda vya chipsi, na hakuna anayeishtukia: yule ni mwili tu, kichwani hamna kitu. Huambiwa kuli aliyejitwisha gunia, utingo anayelala chini ya tela, na mwanafunzi aliyewazidi wenzake kimo na mabega. Ni kauli ya uongo. Nitaipinga kwa kuanzia na maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuwa wa kwetu.

Maurice Tillet alizaliwa Urusi mwaka 1903, wazazi wake wakiwa Wafaransa. Baba alikuwa mhandisi wa reli, mama mwalimu. Utotoni alikuwa na sura ya kupendeza hata akapewa jina la Malaika. Mapinduzi ya 1917 yaliwafanya wahamie Ufaransa, katika mji wa Reims. Ujana ulipoanza, miguu, mikono na kichwa vikaanza kukua bila kipimo. Madaktari wakautambua ugonjwa wa akromegali. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo humwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu ya uvimbe usio saratani. Taya hupanuka, paji la uso hutokeza, viganja hunenepa, sauti huwa nzito. Mtu aliyeitwa Malaika kwa uzuri wake akawa mtu ambaye watoto humkimbia njiani.

Inasimuliwa kwamba alitamani kuwa mwanasheria akaona sura na sauti haviwezi kumfikisha huko. Alitumikia jeshi la majini la Ufaransa akiwa fundi wa mitambo. Mwaka 1937, huko Singapore, alikutana na Karl Pojello, mwanamieleka mwenye asili ya Lithuania, aliyemshawishi aingie ulingoni. Wakapigana Ufaransa na Uingereza mpaka vita ikakaribia, na mwaka 1939 Tillet akavuka bahari kwenda Marekani. Mwezi Mei 1940 alitwaa ubingwa Boston, akakaa nao kwa zaidi ya mwaka mmoja. Aliyekuwa mgeni mwaka uliotangulia tu sasa alijaza kumbi.

Walioandaa mapambano walimuuza kwa uso wake. Wakamtangaza kama mabaki ya watu wa mapangoni, binadamu wa kale aliyechelewa kufa. Wataalamu kutoka Harvard walimpima fuvu na mifupa, na alipigwa picha karibu na sanamu za binadamu wa kale kwenye jumba la makumbusho. Na wakati huohuo, Tillet alikuwa akienda kwa rafiki yake Patrick Kelly, mfanyabiashara wa Braintree katika jimbo la Massachusetts, wakaketi na kucheza sataranji. Aliupenda sana mchezo huo. Waliomfahamu kwa karibu walimweleza kuwa mtu mpole, msomaji, mwenye maneno ya maana. Maelfu waliolipa kiingilio hawakulipia kuyaona hayo. Walilipia taya.

Hapo ndipo penye kosa ninalolilalamikia. Akili ya Tillet haikufichika, ila haikuwa na soko. Aliyekaa naye mezani aliiona mara moja. Aliyesimama mbali na kumtazama uso aliona mnyama. Nasi tunaosimama mbali na makuli wetu tunafanya vilevile, kisha tunasema tumewafahamu.

Pengine tulianza kulishwa jambo hili mapema. Tumekuzwa na hadithi za sungura mdogo mwerevu na fisi mkubwa mpumbavu. Nazipenda hadithi hizo, zilimpa moyo mnyonge mbele ya mwenye mabavu. Lakini tumezitoa porini tukazigeuza hukumu ya watu, na kila mwenye mabega mapana tumemvisha ngozi ya fisi.

Najua nitajibiwa kwamba mwili na akili hugombania muda, kwamba anayeshinda kubeba hana saa ya kufikiri. Anayesema hivyo hajawahi kutazama lori likipakiwa. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na kila ekseli ina kikomo chake pia. Gari linaweza kuwa ndani ya tani hizo na bado likakamatwa mizani ya Mpemba kwa sababu mzigo umelalia nyuma. Wapakiaji wazoefu wanajua hilo. Wanapanga magunia safu kwa safu wakijua ni wapi uzito utaegemea gari likipanda mlima, mzigo upi utasogea breki ikishikwa, na upi ushuke kwanza upande wa Nakonde, Zambia. Hakuna aliyewapa karatasi ya hesabu. Hesabu hiyo wanaifanya huku gunia likiwa mgongoni.

Foleni ikikwama, watazame watu haohao kwenye drafti. Ubao uliochorwa kwa mkaa, kete ni vizibo vya soda, upande mmoja vimegeuzwa juu na wa pili chini. Mtu anatoa kete moja kwa makusudi, analiwa, halafu anapita na kula tatu hadi anapata kingi. Tukiona hayo tunasema wanapoteza muda. Mwenye suti akicheza sataranji hotelini tunasema ana kichwa. Dhana hiyo ya kwamba michezo ya fikra ni ya waliosoma ilipaswa kufa zamani: Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe jijini Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende, aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji ya 2010 nchini Urusi baada ya utoto wa kuuza mahindi barabarani.

Madhara ya uongo huu yanaonekana kwa macho. Kijana mwenye umbo kubwa darasani ndiye anayetumwa kuhamisha madawati na kuchota maji wakati wenzake wanasoma, na akifeli tunasema tulijua. Mpakani, kikao cha kupanga maegesho na utaratibu wa mizigo kinawaita mawakala, maofisa na wenye magari. Anayejua kwa nini malori yanakwama kati ya saa tano na saa nane mchana, kwa sababu ndiye anayeyapakua, haitwi. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwaka 2019 tumezungumza sana kuhusu mifumo ya kuharakisha mizigo. Wapakiaji wapewe viti kwenye vikao hivyo, viti vya kusemea, na wanachosema kiandikwe kwenye muhtasari kama cha mwingine yeyote.