Bima kubwa, thamani ya kupunguza

Kwa gari binafsi hapa Tanzania hesabu ya bima si ngumu kihivyo. Bima ndogo, ile ya kulipia hasara za wengine, ni shilingi 100,000 kwa mwaka. Weka VAT ya asilimia 18, unatoa 118,000. Bima kubwa, inayolipia hadi gari lako mwenyewe, kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Toyota IST ya milioni 15 inakuja 525,000, na kodi juu yake 619,500. Wengi tukifika hapo tunaguna, tunarudi kwenye ndogo.

Kuna wajanja wanaokata kubwa huku wakimwambia wakala gari ni la milioni 10. Wanaokoa laki mbili na ushee. Sasa ligongwe ubavuni, fundi aseme milioni 3: kampuni inapiga uwiano wa milioni 10 kwa 15, inahesabu milioni 2 tu, halafu inakata na kile kiasi ambacho mteja huchangia mwenyewe kwenye kila dai. Shemeji yangu yalimkuta haya, akapandisha sauti kaunta mpaka mlinzi akaja. Mkataba ulikuwa umeandika hivyo hivyo, kurasa za ndani ambazo hakuna anayezisoma (mimi pia sizisomi, nauliza).

Jingine, ukishalipa ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, uone kama bima yako imo kweli. Stika za kughushi zipo, na trafiki siku hizi anahakiki kwa simu, hana habari na stika ya kwenye kioo chako.