Paka Dume Asiyetoa Mkojo

Ndugu wasomaji wa Kolwezi, wengi wenu mwafuga paka wa kukamata panya na mbwa wa kulinda mlango. Siku hizi zauzwa dawa za maji za kutiliwa wanyama hao katika chakula, ati zasafisha kibofu. Paka kwa asili ni mnyama wa nchi kavu, hanywi sana. Kumlainishia chakula kwa maji ni msaada wa kweli, na gharama yake kikombe kimoja tu. Lakini paka dume akichuchumaa mara kwa mara, akalia, na mkojo usitoke, yamkini mrija wake mwembamba umezibwa na vijiwe au ute. Hapo matone hayazibui kitu. Apelekwe kwa mganga wa wanyama siku ile ile, kwani huweza kufa kwa siku 2 au 3. Wala msimpe parasetamoli ya watu: kwa paka ni sumu.